Mtoto wa Mbwa Alale Wapi Usiku?

Mtoto wa mbwa akiletwa nyumbani, usiku wa kwanza hakuna anayelala. Analia. Anakwaruza mlango. Watoto wanaamka. Jirani anakohoa kwa nguvu, ili ujue kwamba naye yuko macho. Ikifika saa nane usiku mwenye nyumba amechoka. Anasema, "Mtoeni nje huyo!" Mlango unafunguliwa, na mtoto wa mbwa anatupwa gizani.

Hapo ndipo hatari inapoanza.

Katika wilaya za Mbinga na Nyasa mbwa ni mfanyakazi. Milimani anafukuza nyani na ngedere kwenye mahindi ya ngoro. Huku ziwani analinda mihogo isichimbwe na nguruwe pori. Usiku anabweka mgeni akipita. Lakini mbwa wa kazi hiyo alikuwa mtoto kwanza, na wengi hawafiki ukubwani. Makala haya yanaeleza jinsi ya kumlaza mtoto wa mbwa ndani ya sanduku la mbao, mpaka azoee kulala usiku kucha bila kelele.

MIEZI MIWILI YA HATARI

Mtoto wa mbwa aachishwe mama yake akiwa na umri wa wiki nane. Usimchukue kabla ya hapo. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa akiwa na miezi mitatu. Baada ya sindano, mwili wake unahitaji kama wiki nne ili kinga ipate nguvu. Hesabu mwenyewe. Tangu siku anapoingia nyumbani kwako mpaka siku anapokuwa na kinga, ni kama miezi miwili. Muda huo wote hana cha kumlinda ila wewe.

Usiku mbwa wazururaji hutembea. Mbweha nao hutembea, na mbweha hupata kichaa na kukieneza. Mtoto wa mbwa aliyetupwa nje anaweza kuumwa na mnyama mwenye kichaa, na mtu asione. Asubuhi unamkuta mlangoni. Ana kidonda kidogo sikioni. Unadhani ni mwiba. Ugonjwa hauonekani siku ile. Unaweza kujificha kwa wiki kadhaa, hata miezi. Wakati huo watoto wako wanacheza naye. Anawang'ata-ng'ata vidole kwa mchezo, kama ilivyo tabia ya mbwa wote wadogo. Siku moja ule mchezo unakuwa ndio ugonjwa.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa hiyo anayesema kwamba sanduku la mbwa ni mambo ya mjini, mwache aseme.

KWA NINI ANALIA

Halii kwa ukaidi. Mpaka jana alilala amebanana na mama yake na ndugu zake. Usiku huu yuko peke yake mahali asipopajua. Hiyo ni sababu ya kwanza.

Sababu ya pili ni baridi. Hii inategemea unakaa wapi. Milima ya Umatengo inapanda hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai hata mtu mzima huko anatafuta blanketi la pili. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Mbamba Bay, Liuli na Lituhi ni joto. Huko mtoto wa mbwa anaweza kulia kwa sababu ya joto na mbu, si baridi.

Sababu ya tatu ni mkojo. Kibofu chake ni kidogo. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili anaweza kujizuia kwa muda wa saa tatu hivi. Wa miezi mitatu anaweza saa nne. Akifika miezi minne, wengi hulala usiku kucha. Kabla ya hapo ni lazima mtu aamke amtoe.

Wengine humpiga ili anyamaze. Kipigo hakimfundishi kulala. Kinamfundisha kukuogopa. Na mbwa anayemwogopa mwenye nyumba hakamatiki siku ya chanjo. Mnamkimbiza kijiji kizima, watu wanacheka, na bwana mifugo anaondoka na sindano yake.

KUTENGENEZA SANDUKU

Huna haja ya kununua mbao nzuri. Tumia mabanzi, yale masalia ya mbao ya wapasua mbao. Pima kwa mkono, yaani kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Urefu wa sanduku uwe mkono mmoja na shibiri moja. Upana uwe mkono mmoja. Kimo kiwe mkono mmoja na vidole vinne. Sanduku hili litamtosha mpaka afike miezi minne au mitano. Asiye na mabanzi atumie mianzi, kama matenga ya kuku yanavyosukwa, ila aifunge kwa nguvu zaidi. Mbwa mdogo ana meno makali.

Acha nafasi kati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Nafasi hiyo isizidi vidole viwili, asije akaingiza kichwa akanasa. Gonga misumari yote iliyotokeza. Mlango ufungwe kwa vipande vya mpira wa tairi badala ya bawaba, na uwe na komeo la mti.

Mwanzoni sanduku lote ni kubwa mno kwake. Mbwa hapendi kuchafua mahali anapolala. Lakini akipewa nafasi kubwa, atalala pembe hii na kukojoa pembe ile. Basi weka ubao katikati, umwachie nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala tu. Anapokua, usogeze ubao nyuma.

Chini tandika nyasi kavu au gunia safi. Usitumie gunia lililobeba mbolea au dawa ya mimea. Wala usitandike maganda ya kahawa, ingawa Mbinga yapo mengi na ni ya bure. Ndani ya kahawa mna kitu kinachodhuru mbwa, na mtoto wa mbwa hutafuna anacholalia. Anika gunia juani mara kwa mara, viroboto wasizaliane.

Sanduku liwekwe ndani ya nyumba. Nalisisitiza hili kwa sababu ya siafu. Wakati wa mvua siafu hupita usiku, na mnyama aliyefungiwa nje hawezi kukimbia. Mwenye kufuga kuku anajua siafu wanavyoacha banda. Wapo wenzetu ambao kwa dini au kwa mazoea hawaingizi mbwa ndani wanamolala. Hao waliweke stoo au jikoni, mlango ukiwa umefungwa, na mahali ambapo kilio kitasikika.

Kule milimani usimwekee jiko la mkaa ili apate joto. Hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa inaua, mbwa na watu pia. Jaza maji ya vuguvugu kwenye chupa, kaza kifuniko, izungushie kitambaa, uiweke pembeni mwa sanduku. Ataikumbatia kama mama yake.

MCHANA KWANZA, USIKU BAADAYE

Usimtie sandukuni usiku wa kwanza kwa nguvu. Anza mchana. Acha mlango wazi. Mpe chakula chake humo humo. Uji au ugali laini na usipa waliochemshwa bila chumvi unamfaa. Mtoto wa mbwa hula kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku. Akishiba na kusinzia humo ndani, funga mlango kidogo, kisha ufungue kabla hajalia. Baada ya siku mbili tatu ataingia mwenyewe.

Sanduku lisiwe gereza. Usimfungie humo kwa sababu amekosa, wala usimfungie kutwa nzima huku ninyi mko shambani.

Jioni mpe chakula cha mwisho kabla ya jua kuzama. Acheze na watoto mpaka achoke. Mnapokwenda kulala mtoe nje, mahali pale pale kila siku, asubiriwe mpaka akojoe. Mvue kamba ya shingoni isije ikamnyonga. Kisha mlaze, na sanduku liwe karibu na kitanda au mkeka wa mtu mmoja.

Mtu huyo atajwe kwa jina. Huku ziwani baba mara nyingi yuko majini usiku na taa yake, anavua usipa. Basi kazi ibaki kwa mama, bibi, au kijana mwenye akili.

Mtoto wa mbwa atalia. Hapo sikiliza vizuri. Akilia mara tu baada ya kufungiwa, anataka kuwa na mtu. Usimtoe. Nyoosha mkono, akunuse vidole, umwambie neno moja kwa sauti ya chini. Lakini akiwa amelala saa tatu kisha akalia, huyo ana mkojo. Mtoe haraka.

"Bibi, analia tena," mjukuu anasema.

"Alilala saa ngapi, mjukuu wangu?"

"Saa nne, bibi. Sasa ni saa saba."

"Basi mtoe. Usimchekee, usicheze naye. Akimaliza mrudishe."

Bibi huyo anajua kazi. Ukicheza naye saa saba usiku, kesho atakuamsha saa sita ili mcheze. Simu ya mkononi ina kengele. Itege saa saba na saa kumi, umtoe kabla hajalia. Baada ya wiki moja, sogeza kengele ya kwanza mbele kwa nusu saa, kisha nusu saa nyingine. Sanduku nalo ulisogeze taratibu kuelekea mahali litakapokaa siku zote.

Kuna kosa la huruma. Mtoto anaamka, anamwonea huruma mbwa, anamchukua na kulala naye blanketi moja. Mbwa wadogo huwa na minyoo, na mayai ya minyoo hiyo humdhuru mtoto akiyameza. Mwone bwana mifugo upate dawa ya minyoo mapema. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika.

SIKU YA SINDANO

Akifika miezi mitatu, sanduku linafanya kazi ya pili. Anaingia mwenyewe, unafunga komeo, unalifunga nyuma ya baiskeli au bodaboda, unakwenda kwa bwana mifugo. Hakuna kukimbizana. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mahali pengi hutolewa chanjo wakati huo. Lakini usingoje Septemba ikiwa miezi mitatu imefika Machi.

Mtu yeyote akiumwa na mbwa, hata mbwa mdogo, hata kwa mchezo kama ngozi imechanika, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha aende zahanati au hospitali siku ile ile. Asingoje kuona kama mbwa ataugua.

Chanjo ya mbwa hurudiwa kila mwaka. Cheti cha chanjo kitunze pamoja na karatasi nyingine za nyumbani. Na kwa kuwa sasa unajua kuandika, chukua kalamu ya wino mzito, uandike tarehe ya sindano kwenye mlango wa sanduku. Chini yake andika tarehe ya mwaka ujao.