Je, Wajua? Kilichowakunja Watu wa Newala Huweza Kufika Jichoni

Je, wajua kwamba neno la Kimakonde lililotamkwa na wagonjwa wa Newala na Masasi sasa limo midomoni mwa madaktari wa India, Brazil na Ufaransa? Neno lenyewe ni chikungunya. Vitabu vingi vya nje husema ni Kiswahili, na hapo huwanyima Wamakonde haki yao. Chi- ya Kimakonde ni ndugu wa ki- yetu, na kitenzi chake, kungunyala, kina maana ya kujikunja na kunyauka. Kinachokunja, basi. Aliyeupata ugonjwa huo huinama kiunoni, magoti hayanyooki, vidole havifumbi, na akitembea utadhani anatafuta sindano iliyomdondoka. Walioupa jina hawakuwa madaktari. Walikuwa wanavijiji waliomtazama jirani yao akipita, wakasema walichokiona.

Mlipuko ulitokea mwaka 1952 na 1953, katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Daktari Marion Robinson aliwahudumia wagonjwa, na mwaka 1955 akachapisha maelezo yao: homa inayopanda ghafla, vipele, na maumivu ya viungo makali kiasi cha kumlaza chini mtu aliyekuwa mzima saa chache tu kabla. Ungesema ni dengue, isipokuwa viungo vilikataa kupona. Homa ilishuka baada ya siku chache, lakini maumivu yaliendelea kuwarudia baadhi ya watu kwa miezi. W. H. R. Lumsden, kutoka kituo cha utafiti wa virusi cha Entebbe nchini Uganda, alifuatilia namna ugonjwa ulivyosambaa kijiji hadi kijiji. Naye R. W. Ross akakitenga kirusi chenyewe kutoka katika damu ya mgonjwa mwaka 1953. Mbegu ya kirusi hicho ingali inatumika maabara duniani kote, kwa jina la Ross.

Kwa nini hapo, wala si kwingine? Jibu ni maji. Uwanda wa juu wa Makonde una mchanga unaoimeza mvua mara tu inyeshapo, na huko juu hakuna mto. Ukisimama Shimo la Mungu, pale Newala, unaliona bonde la Ruvuma likiwa mbali chini, na maji yalikuwa huko chini. Kwa vizazi vingi akina mama waliteremka genge na kupanda tena wakiwa na maji kichwani. Maji yaliyopatikana kwa taabu hiyo hayamwagwi ovyo. Huwekwa mtungini, ndani ya nyumba, na kutumiwa kidogo kidogo. Sasa yupo mbu mmoja, Aedes aegypti, mwenye madoa meupe miguuni, asiyependa dimbwi la matope. Anachotafuta ni maji safi yaliyotulia kivulini, karibu na watu. Huuma mchana. Mayai yake huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Chombo lazima kisuguliwe.

Jambo hili la maji linanigusa zaidi kwa sababu ya simulizi moja. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizuru Masasi na Newala, akaandika habari za asili ya Wamakonde. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, na kulipokucha sanamu ikawa mwanamke. Wakakaa karibu na mto, mtoto akazaliwa mfu. Wakahamia juu zaidi, wa pili naye akazaliwa mfu. Walipofika uwanda wa Mahuta, ambao leo uko Tandahimba, wa tatu akaishi. Tangu hapo wakausiwa wasijenge mabondeni wala karibu na maji makubwa, kwani huko ndiko yaliko maradhi na mauti. Wazee hao walijua walichokisema, maana mabondeni ndiko anakostawi mbu wa malaria. Ila huyu wa chikungunya hakuhitaji bonde wala mto. Mtungi ulimtosha.

Nusu karne baada ya mlipuko wa Newala, mwaka 2004, yaleyale yaliwapata watu wa Lamu. Ukame ulikuwa umekaza, maji yakahifadhiwa majumbani, na wapimaji wa damu wakakuta takriban robo tatu ya wakazi wameambukizwa. Kutoka pwani ya Kenya kirusi kilivuka hadi Komoro, kikafika kisiwa cha Réunion ambako watu wapatao 266,000 waliugua mwaka 2005 na 2006, yaani kama theluthi ya wakazi wote. Kisha kikaingia India, ambako wagonjwa walipita milioni moja.

Je, wajua kwamba huenda Zanzibar iliupata ugonjwa huu kabla haujapewa jina lake? Daktari James Christie, aliyefanya kazi kisiwani humo, aliandika juu ya mlipuko wa mwaka 1870 ambao watu waliuita kidinga pepo, nao wazee wakamwambia kwamba walishauona mwaka 1823. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa dengue, na neno kidinga popo hadi leo ndilo jina la dengue Tanzania. Lakini maumivu ya viungo yaliyodumu kwa wagonjwa wa Christie yamewafanya wachunguzi wa baadaye waseme kwamba yaelekea ilikuwa chikungunya. Kaskazini mwa Uganda nako, mwaka 1959, Waacholi waliita o'nyong-nyong homa nyingine ya viungo, iletwayo na kirusi kilicho jamaa wa karibu wa hiki. Iliwapata watu wapatao milioni mbili, nayo huenezwa na mbu wa malaria.

Sasa tuje kwenye jicho. Kati ya ganda jeupe la nje na utando wa ndani unaopokea picha, jicho lina tabaka la kati lililojaa mishipa ya damu. Sehemu yake ya mbele ndicho kile kiduara cha kahawia kinachoizunguka mboni. Tabaka hilo likivimba, hali hiyo huitwa uveitisi. Chembe nyeupe za damu huvujia katika maji ya jicho na kuyatia ukungu, kiduara hunata kwenye lenzi, na mboni iliyokuwa mviringo hupinda. Asiyetibiwa huweza kupata mtoto wa jicho, presha ya jicho, hata upofu.

Baada ya mlipuko wa India, madaktari wa macho wa huko walianza kuwapokea watu wenye jicho jekundu, linalouma na lisilostahimili mwanga. Walipohojiwa, wengi walikumbuka homa iliyowakunja wiki kadhaa nyuma. Wengine jicho liliwauma homa ikiwa bado juu, lakini wengine lilingoja mwezi, miwili, hata mitatu. Hapo ndipo hatari ilipo: homa imekwisha, mtu yuko shambani, na wala hamwambii daktari wa macho juu ya magoti yake, kwa kuwa haoni magoti yanahusianaje na jicho.

Nao mgongo? Huko Réunion madaktari waliwafuatilia wagonjwa 159 ambao viungo vyao havikupona baada ya chikungunya. Kati yao 33 walionekana kuwa na ugonjwa wa kundi la spondiloathritisi, yaani baridi yabisi inayoshambulia pingili za uti wa mgongo na mahali kano zinaposhikana na mifupa. Wataalamu wa viungo walikuwa wakilifahamu kundi hilo tangu zamani, na walishajua kwamba linashirikiana na jicho.

Je, wajua kwamba ushirikiano huo ulipata alama yake mwaka 1973? Mwaka huo timu mbili, moja ya London na nyingine ya Los Angeles, ziligundua kwamba wagonjwa takriban 9 kati ya 10 wenye ankilosi spondilitisi, ile inayougandisha uti wa mgongo hadi pingili zikaungana, walikuwa na alama moja ya kinasaba: HLA-B27. Mwaka huohuo alama hiyohiyo ikaonekana kwa wingi miongoni mwa watu wenye uveitisi ya ghafla. Huko Ulaya, karibu theluthi ya wenye mgongo huo huugua jicho wakati fulani wa maisha yao. Kwa kawaida ni jicho moja, linapona, kisha siku nyingine linauma la pili. Watafiti wa Dublin walipowachunguza watu waliokuja kutibiwa jicho tu, walikuta kama 4 kati ya 10 wana ugonjwa wa viungo wa kundi hilo pasipo wao wenyewe kujua. Miaka na miaka walikuwa wakiamka na mgongo uliokakamaa, ukilegea kadiri walivyotembea na kufanya kazi, wakadhani ni uchovu. Maumivu ya uchovu hupungua ukipumzika. Haya huzidi ukipumzika, na mara nyingi humwamsha mtu usiku wa manane.

Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara alama ya B27 ni adimu, haifiki hata mtu 1 kati ya 100 katika jamii nyingi za Kibantu. Ndiyo maana mgongo ulioganda kwa namna hiyo si jambo la kila siku katika kliniki zetu. Lakini adimu si sawa na kutokuwepo, na mlango si mmoja. Lusaka, Zambia, madaktari waliona spondiloathritisi ikiongezeka pamoja na VVU, na wengi wa wagonjwa hao hawakuwa na B27 kabisa. Tena yuko adui wa zamani, kifua kikuu, ambacho huzila pingili za mgongo hadi mtu akatoka kibiongo, na ambacho pia huweza kuingia jichoni. Kaswende nayo huingia, na mkanda wa jeshi vilevile. Kwa sababu hiyo matone ya steroidi, ambayo mikononi mwa daktari huokoa jicho lenye uveitisi, hayafai kununuliwa kwa kubahatisha dukani. Kinachotuliza jicho la mmoja huweza kuliharibu la mwingine, ikiwa ndani yake kuna vimelea ambavyo havijapewa dawa yake. Sembuse majani yaliyotwangwa na kukamuliwa jichoni! Vidonda vya kioo cha jicho vilivyotokana na dawa za namna hiyo vimeandikwa na madaktari wa Tanzania tangu miaka ya 1990.

Wapo watakaosema chikungunya ni habari ya kale, ya enzi za Robinson. Mwaka 2007 na 2008 wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi walipimwa kwa kina. Watu 528 kati yao walikuwa wameandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Na vipimo vilivyofanywa baadaye kwa damu za wagonjwa hao viliwapata watu 55 wenye chikungunya, ambayo hakuna aliyekuwa anaiwazia. Mtu akitoka hospitali na cheti cha malaria, miezi miwili baadaye jicho likawa jekundu, nani ataunganisha mambo hayo mawili?

Ataunganisha mgonjwa mwenyewe, akijua. Ugonjwa wa macho mekundu unaoambukiza huwasha, hutoa matongotongo, na mara nyingi huenea nyumba nzima. Uveitisi haitoi matongotongo. Jicho huuma kwa ndani, mwanga wa jua au wa taa huwa kama mchanga uliotupiwa machoni, wekundu hukoza kuizunguka mboni, na kuona huwa kwa ukungu. Hilo si jicho la kulala nalo wiki nzima. Daktari hulitazama kwa darubini yenye mwale mwembamba wa mwanga, na akiliwahi, matone sahihi pamoja na yale ya kuipanua mboni hulirudisha jicho la wagonjwa wengi katika hali yake.

Kwa hiyo, msomaji wa Newala, Masasi, Tandahimba na kwingineko: ukikaa mbele ya daktari wa macho, iwe hospitali ya wilaya, Mkomaindo, Ndanda au Mtwara, mtajie na homa iliyowahi kukukunja, vidole vinavyokataa kufumba asubuhi, mgongo unaokuamsha usiku, kikohozi kisichokwisha. Na ukienda kwa sababu ya mgongo, mwambie kama jicho liliwahi kuwa jekundu na kuogopa mwanga, hata kama lilipona lenyewe. Mwambie hata asipokuuliza.