Mmiliki Akiondoka, Wingu Hubaki na Nani?

Taasisi inayotaka kujenga wingu lake yenyewe, iwe chuo kikuu, benki au idara ya serikali, kwa kawaida huanza kwa kuchora jedwali. Safu moja ni ya OpenStack, ya pili ya CloudStack, ya tatu ya OpenNebula, kisha zinafuata alama za vema: lipi lina mtandao pepe, lipi lina kurasa nzuri za usimamizi, lipi linapokea aina gani ya diski. Jedwali hilo halidanganyi, ila huzeeka upesi, kwa sababu majukwaa haya yote yanafanya kazi ile ile ya msingi. Yanachukua seva nyingi na kuzigawa kuwa mashine pepe, hifadhi na mitandao ambayo mtumiaji anajipatia mwenyewe bila kumsubiri fundi. Hata injini iliyo chini yake mara nyingi ni moja, KVM, iliyoingizwa kwenye kiini cha Linux mwaka 2007. Swali ambalo jedwali haliulizi ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote: aliyelianzisha jukwaa akiondoka, nani anabaki na mamlaka, na uwezo, wa kuliendeleza? Si swali la kubuni. Majukwaa matatu makubwa ya msimbo huria yamekwisha kuachwa na waliokuwa wakiyashikilia, na kila moja liliishia mahali tofauti.

Eucalyptus ilianzia Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, katika kundi la utafiti la Rich Wolski, na mwaka 2009 ikawa kampuni. Wazo lake lilikuwa zuri: kupokea maagizo yale yale yanayopokewa na EC2 ya Amazon (huduma ya kukodisha mashine pepe, ya mwaka 2006), ili programu iliyoandikwa kwa ajili ya wingu la Amazon ifanye kazi pia kwenye seva za taasisi. NASA iliitumia katika mradi wake wa wingu ulioitwa Nebula. Mzigo ulipokua, wahandisi wa NASA walitaka kuchangia msimbo wa kuuwezesha mfumo kubeba zaidi. Kwa maelezo ya Chris Kemp, aliyekuwa mkuu wa teknolojia wa NASA, mchango huo haukuweza kupokewa kwa sababu sehemu ya mfumo ilikuwa huria na sehemu nyingine ilikuwa bidhaa ya kampuni. Leseni iliwaruhusu kuusoma na kuubadilisha msimbo kwao. Haikuwapa sauti juu ya mradi wenyewe unakokwenda. Basi wakaandika wa kwao. Mwaka 2014 HP ikainunua Eucalyptus, mapema mwaka 2016 ikafunga wingu lake la umma, na kufikia mwisho wa 2017 kazi ya kuiendeleza Eucalyptus kwa mmiliki wake ilikuwa imesimama. Kampuni ndogo iitwayo AppScale iliuchukua msimbo ili kuwahudumia waliobaki, lakini jukwaa halikurudia hadhi yake.

Msimbo ambao NASA waliuandika uliunganishwa na ule wa Rackspace wa kuhifadhi mafaili, na Julai 2010 ikatangazwa OpenStack. Mwaka 2012 mradi ulikabidhiwa wakfu wake wenyewe, wenye kamati ya kiufundi inayochaguliwa na wachangiaji. Hapo ndipo tofauti ilipokaa. NASA ilijiondoa mapema kwenye uendelezaji. HPE, iliyorithi biashara hiyo ya HP, iliuza mali zake za OpenStack kwa SUSE, Cisco ikafunga wingu lake lililojengwa juu yake mwaka 2017, na mwaka 2019 SUSE nayo ikaachana na bidhaa yake ya OpenStack. Wengi waliutangaza mradi kuwa umekufa, na matoleo mapya yakaendelea kutoka kila miezi sita. Kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kilianza kuitumia OpenStack kwa kazi rasmi Julai 2013 na kikavuka viini vya prosesa 300,000. Walipoona seva zimekuwa nyingi mno kwa hifadhidata moja, waliligawa wingu lao katika seli, kila seli na hifadhidata yake na foleni yake ya ujumbe, ili seli moja ikipata hitilafu zingine zisianguke. Walishiriki kuiboresha sehemu hiyo ndani ya mradi wenyewe, na mwaka 2018 wakahamia toleo la pili la seli. Ni hitaji lile lile la NASA, la mtumiaji mkubwa anayetaka mfumo ubebe zaidi, na safari hii mchango ulipokewa.

Wapo watakaosema utawala wa wengi ndio ulioifanya OpenStack kuwa nzito, na uzito huo si wa kusingiziwa. Mtumiaji anapoomba mashine pepe moja tu, huduma zake kadhaa hushiriki: Keystone lazima imtambue, Nova ipokee ombi, Placement iangalie seva zipi zina nafasi, Glance itoe taswira ya mfumo endeshi, Neutron itenge anwani ya mtandao, na Cinder ilete diski ikihitajika, huku sehemu za ndani za Nova, Neutron na Cinder zikitumiana ujumbe kupitia foleni ambayo nayo inataka uangalizi. Kosa likitokea, fundi anafukua kumbukumbu za huduma nne au tano kabla ya kujua ombi lilikwama wapi. Kwa timu ya watu wawili hilo ni mateso, na sitamshauri mtu yeyote mwenye seva nane aanzie hapo. Lakini chanzo cha uzito huo ni usanifu uliochaguliwa, wa huduma nyingi zinazojitegemea, na ushahidi ni CloudStack. Iliandikwa na kampuni changa iliyoitwa kwanza VMOps kisha Cloud.com, ikanunuliwa na Citrix mwaka 2011, na Aprili 2012 ikakabidhiwa Apache Software Foundation. Mwaka 2016 Citrix iliuza hata bidhaa yake ya kibiashara iliyojengwa juu yake. CloudStack haikutetereka: inatawaliwa na jumuiya kama OpenStack, lakini moyo wake ni seva moja ya usimamizi iliyoandikwa kwa Java, pamoja na hifadhidata ya MySQL. Wepesi na utawala wa wengi vimekaa nyumba moja.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa leseni. Ikiwa msimbo ni huria, mmiliki akiharibu au akiondoka, si watu watauchukua na kuendelea? Terraform, zana ya kuandaa miundombinu ya wingu, inaonekana kulithibitisha hilo. HashiCorp, kampuni iliyoiunda, iliiondoa kwenye leseni huria Agosti 2023, na mwezi uliofuata tawi lake huria, OpenTofu, likapokewa na Linux Foundation. Tukitazama nani alilibeba tawi hilo, tunakuta kampuni kadhaa ambazo biashara zao zilitegemea zana hiyo na ambazo zilikuwa tayari kulipa wahandisi wa kudumu. Eucalyptus nayo ilikuwa na leseni huria. Iliyokosa ni umati wa watu wa nje wanaoujua msimbo wake kwa ndani, na umati huo hauwezi kukusanywa siku ya msiba kama mlango ulikuwa umefungwa miaka yote. Leseni hutoa haki ya kuendelea. Uwezo wa kuendelea hujengwa na wachangiaji waliozoea kuugusa msimbo.

OpenNebula inanilazimisha kupunguza ukali wa hoja yangu. Ilianza kama utafiti katika Chuo Kikuu cha Complutense, Madrid, ikatoa toleo lake la kwanza kwa umma mwaka 2008, na mpaka leo inaongozwa na kampuni moja ya waanzilishi wake. Haijafa, ni nyepesi kuliko OpenStack, na kwa ofisi yenye mafundi wachache inaweza kuwa chaguo la busara. Ila anayeichagua ajue anaegemea uaminifu na afya ya kampuni moja, na ahesabu mapema gharama ya kuhama: mashine pepe ngapi, katika muundo gani wa faili, zikiwa zimefungwa kwenye mitandao iliyosanidiwa kwa namna gani. Wateja wa VMware, ambayo msimbo wake si huria, walilazimika kuipiga hesabu hiyo kwa haraka. Broadcom iliinunua Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikasitisha uuzaji wa leseni za kudumu. Aliyetaka kununua tena akakuta kuna malipo ya muda tu. Kwa taasisi ya Afrika Mashariki inayolipa bili kama hizo kwa dola, safu ya kuongeza kwenye lile jedwali inajulikana: nani anachagua kamati ya kiufundi, waliochangia msimbo mwaka uliopita wanatoka kampuni ngapi, na kama fundi wetu akipata kosa na kulirekebisha, rekebisho lake litapokewa na nani. Majibu hayo yako wazi kwenye hazina ya msimbo ya kila mradi, na kuyatafuta ni kazi ya alasiri moja.