Kwa nini gemu mpya hazifiki Ujiji

Wanaonijua hapa chuoni wanajua natoka Ujiji, na kila nikirudi kutoka likizo swali ni lile lile: "Mwanangu, kwenu bado mnacheza PS2?" Ndiyo, bado. Mabanda ya gemu ya Mwanga na Ujiji yana PS2 na PS3 zilizochakaa, mpira ndio unaotawala, na mechi ni shilingi 500. Ila sababu siyo ushamba. Ni hesabu, na hesabu yenyewe haianzii Kigoma.

Gemu kubwa ya PS5 inauzwa dola 70. Ukiibadilisha kwa shilingi 2,500 unapata 175,000. Mwenye banda anahitaji mechi 350 kurudisha hela ya diski moja tu, hajagusa umeme, kodi ya chumba, wala pedi zinazovunjwa na watu waliofungwa dakika ya mwisho. Kabla PS5 haijatoka mwaka 2020, bei iliyozoeleka ilikuwa dola 60.

Sasa hizo pesa zinakwenda wapi? Kampuni huwa hazisemi. Bahati nzuri, mwaka 2023 Sony ilipeleka nyaraka mahakamani Marekani, kwenye kesi ya serikali dhidi ya Microsoft, na takwimu za siri zilifutwa kwa kalamu ya wino mweusi. Zilipopigwa skani, namba zikasomeka! The Last of Us Part II: dola milioni 220, watu kama 200, miezi 70 hivi. Horizon Forbidden West: milioni 212, watu 300, miaka mitano.

Gawanya hiyo ya kwanza. Inakuja zaidi ya dola 15,000 kwa mtu mmoja kwa mwezi. Linganisha na bumu lako, pumua, halafu tuendelee. Siyo mshahara mtupu huo. Kuna ofisi, kompyuta, waigizaji na kazi zinazopelekwa kwa studio nyingine. Lakini kiini ni hicho: watu wengi, kwa muda mrefu.

Na kwa nini watu wanazidi kuhitajika? Chukua ufukwe wa Kibirizi usiku. Kwenye PlayStation ya kwanza ungechora bapa la bluu na mtumbwi wenye kona kona, na mchezaji angeridhika. Kwenye PS5 anataka aone taa za wavuvi wa dagaa zikicheza juu ya maji, nyavu zikichuruzika, mchanga ukibonyea chini ya mguu, uso wa mvuvi ukionyesha uchovu. Kila kimoja hapo ni wiki za kazi ya mtu fulani. Halafu anatokea mwenyeji wa Kibirizi anauliza mbona mwezi ni mpevu na watu wako ziwani, maana usiku wa mbalamwezi taa haiwavuti dagaa na wavuvi hupumzika. Basi mwezi nao utafutiwe mtu.

Hili linanigusa kwa sababu mimi na wenzangu wawili tunataka kutengeneza gemu ya MV Liemba. Stori yake inajitosheleza: meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaungwa upya Kigoma na kuingia majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwenzetu mmoja ameshikilia kwamba kama haiko kwenye PS5 hiyo siyo gemu. Tumebishana naye sana.

Ukiacha ruhusa ya Sony na mashine maalumu za kutengenezea, mimi naona tatizo ni woga unaoletwa na gharama. Agosti 2024 Sony ilitoa Concord, gemu iliyotengenezwa kwa miaka mingi. Wiki mbili baadaye wakaiondoa sokoni na kurudisha hela za watu. Februari ya mwaka huo huo walikuwa wametangaza kupunguza wafanyakazi kama 900. Tajiri aliyeungua hivyo hataki stori mpya, anataka namba nyingine mbele ya jina lile lile. Kwa bei hiyo, nani ataweka pesa kwenye meli ya Kigoma?

Wenzetu Afrika walipita njia nyingine. Kampala, Kola Studios walichukua Matatu, karata inayochezwa vijiweni Uganda, wakaiweka kwenye simu. Kenya ilitoka Nairobi X mwaka 2015, viumbe wa anga za juu wakivamia jiji. Kule Kameruni, Kiro'o Games walichangisha pesa mtandaoni, wakatoa Aurion mwaka 2016, gemu ya kompyuta yenye picha bapa zilizochorwa vizuri kinoma.

Basi na sisi tunakwenda na simu. Picha bapa, programu ya Godot ambayo ni bure, laptopu mbili, na meli inayoonekana ubavu mmoja tu. Hatua ya kwanza mchezaji anapanga masanduku ili aiunge meli, na hiyo tayari inachezeka. Wa PS5 bado ananuna, ila ndiye aliyechora bomba la moshi. Tunachokosa ni sauti. Kama umewahi kurekodi honi ya Liemba ikiondoka bandarini, hata kwa simu ya kawaida, nitafute.