Mlo wa Pangi: Lishe Ipimwe, Msitu Upimwe

Mlo wa Pangi, huku Maniema nchini Kongo, una maswali mawili: unaujenga mwili kiasi gani, na unaugharimu msitu kiasi gani? Majibu hayaendi pamoja kila mara, ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi.

Kwa mwili, kipimo chepesi ni kile cha FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49. Vyakula vimegawanywa katika makundi 10. Wanawake huulizwa walichokula jana, mchana na usiku, na kila kundi linaloliwa angalau gramu 15 huhesabiwa alama moja. Jamii ambayo wanawake wake wengi wanafikisha 5 ina matumaini mazuri zaidi ya kupata vitamini na madini ya kutosha.

Tuhesabu. Bugali wa muhogo, wali na ndizi za kupika ni kundi moja: alama 1, hata mtu ashibe vipi. Sombe, yaani majani ya muhogo, 1. Ndagala, wale samaki wadogo, 1. Jumla 3. Twanga karanga uziunge kwenye sombe, kisha ule papai bivu, utafika 5. Mawese mekundu yamejaa viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, lakini hayamo katika makundi 10, huandikwa pembeni. Alama ndogo isitufanye tuudharau mlo wetu.

Kwa msitu, vipimo vingi vya dunia huhesabu gesi zinazoongeza joto, na ng'ombe ndiye hulaumiwa zaidi. Kwa hesabu hiyo nyama ya pori huonekana haina hatia: haidai malisho wala mbolea, na inaongeza alama ya lishe siku ambayo hakuna samaki wala nyama nyingine. Lakini hesabu ya gesi haiwaoni wanyama wanaopungua, wakiwemo wale wanaosambaza mbegu za miti. Hapo tuhesabu wanyama wenyewe: aina gani wanafika sokoni, na mwindaji anawafuata mbali kiasi gani kuliko zamani.

Muhogo nao una hesabu yake. Shamba la kukata na kuchoma likipumzishwa miaka mingi, rutuba hurudi. Likirudiwa upesi, huchoka, na mkulima hukata msitu mpya. Kwa hiyo miaka ya kupumzisha shamba ni kipimo halisi cha gharama ya bugali. Sombe hutoka shamba hilohilo bila kudai ardhi ya ziada.

Wahudumu wa afya na mabwana shamba waulize pamoja: makundi mangapi, shamba limepumzika miaka mingapi, nyama imetoka wapi? Majibu hayo ndiyo yataonyesha palipo na haja ya karanga, maharagwe, kuku au mabwawa ya samaki, ili watoto walishwe vizuri na msitu ubaki na uhai.