Jino zima linapong'oka: kinachotokea chini ya fizi

Na Mwandishi Wetu, Namanga

Mama mmoja anayevusha vitunguu kutoka Tanzania kwenda Nairobi alifungua pindo la khanga yake akanionyesha jino. Lilikuwa jeupe, halina tundu wala doa jeusi.

"Mwanangu, hili halikuoza," aliniambia. "Limetoka lenyewe nikila muhindi wa kuchoma."

Lilikuwa la pili ndani ya mwaka mmoja. La kwanza alipolipoteza alisema ni uzee, ingawa hajatimiza miaka 50. Mimi nilikuwa nimekwenda kuuliza habari za vyeti vya uasilia wa bidhaa, lakini foleni ilikuwa ndefu, na mazungumzo ya foleni huenda yanakotaka. Alikumbuka kwamba kwa miaka kadhaa mate yake yalikuwa mekundu kila alipopiga mswaki. Kwa kuogopa damu, akaacha kabisa kusugua upande ule. Wenzake wawili waliokuwa karibu waliitikia kwa kichwa: na wao wana upande wasiougusa.

Hapo ndipo kosa lilipo. Upande unaotoka damu ndio unaohitaji mswaki kuliko wote.

Fizi inayotoka damu mara nyingi haijajeruhiwa na mswaki. Imevimba kwa sababu ya ukoga, ule utando laini unaonata shingoni mwa jino, ambao kwa sehemu kubwa ni bakteria. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1965, Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21, wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudi kwenye mswaki, fizi zilipona baada ya wiki moja hivi. Siku 10 si nyingi. Dereva wa lori au mfanyabiashara aliyekwama na mzigo anaweza kuzimaliza barabarani bila kujua zilikokwenda.

Mpaka kati ya jino na fizi

Kati ya jino na fizi kuna mfereji mwembamba ambao kwa mtu mwenye afya una kina cha milimita 1 hadi 3. Ukuta wa mfereji huo umejengwa kwa seli zilizoshikana mithili ya matofali, zikifungwa pamoja kwa protini. Seli hizi ni ukuta na ni walinzi pia. Zikiguswa na bakteria wabaya hutoa kemikali za kuita askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu. Mishipa midogo hutanuka ili askari wapite, fizi inakuwa nyekundu na laini, na ukiigusa damu inatoka. Kwa hiyo damu ile ni dalili kwamba vita vimeanza, na wakati huo bado vinaweza kumalizwa nyumbani.

Ukoga usipoondolewa, hugeuka mgumu kama jiwe na kujishikiza kwenye jino, mahali ambapo mswaki hauna nguvu tena. Mfereji unakuwa na kina zaidi. Chini huko hewa ni haba, na bakteria wanaoikimbia oksijeni wanapata makazi. Aliyechunguzwa sana miongoni mwao anaitwa Porphyromonas gingivalis. Ana vimeng'enya, wataalamu huviita gingipaini, vinavyokata protini zinazofunga seli za fizi, na hivyo ukuta unapata nyufa. Pia anaweza kuingia ndani ya seli yenyewe kwa dakika chache tu na kuishi humo, mahali ambapo askari wa mwili hawamfikii kwa urahisi.

La kushangaza zaidi ni lile lililoelezwa mwaka 1998 na watafiti wa Seattle, Marekani. Bakteria wengi wakigusa seli za fizi, seli hupiga kelele. Huyu akiingia, seli zinanyamaza: kemikali muhimu ya kuita askari haitoki, hata bakteria wengine wakiwa karibu. Mtu wa mpakani ataelewa haraka. Mlinzi hakupigwa wala hakufukuzwa. Amenyang'anywa simu, na mizigo ya kila aina inapita mbele ya macho yake.

Chini ya ukuta huo zipo seli nyingine, fibroblasti, ambazo kazi yake ni kufuma kolajeni, nyuzi zinazoipa fizi uimara na kulishikilia jino. Taka za bakteria, zikiwemo asidi wanazotoa, huzidumaza. Uvimbe ukidumu miezi na miaka, seli hizo hizo zinaanza kutoa vimeng'enya vinavyokula nyuzi zilizofumwa. Askari wa damu nao wakifika kwa wingi humwaga silaha zao ovyo, zikaharibu nyama nzima. Yaani sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na mwili wetu wenyewe, ukipigana vita usivyoweza kuvimaliza. Mwishowe ujumbe unafika kwenye mfupa wa taya, seli zinazokula mfupa zinaamshwa, na mfupa unashuka kidogo kidogo. Jino zima linabaki limesimama kama mti uliomomonyokewa udongo. Muhindi wa kuchoma haukuling'oa, ulilimalizia tu.

Wala bakteria huyo hahitaji kuwa wengi. Katika majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2011, idadi ndogo tu ilitosha kuvuruga jamii nzima ya bakteria mdomoni, na panya wakapoteza mfupa. Alipowekwa peke yake kwa panya wasio na vijidudu vingine, mfupa haukupotea. Anafanya kazi kama dalali: hana mzigo wake, lakini bila yeye biashara ile haiendi.

Vidonge vya duka la dawa

Ndiyo maana vidonge vinavyonunuliwa bila cheti cha daktari, ambavyo wengi wetu tunavimeza fizi zikiuma, havimalizi tatizo. Maumivu yanapoa siku mbili tatu. Lakini bakteria wamejifungia ndani ya utando, na wengine ndani ya seli, na lile jiwe bado lipo. Kinachotakiwa ni kukwanguliwa: daktari wa meno huondoa ukoga mgumu juu na chini ya fizi. Dawa, kama inahitajika, inafuata baada ya hapo, na daktari ndiye huiamua. Mfupa uliokwisha haurudi wenyewe, ila uliobaki unaweza kuokolewa. Wengi husubiri mpaka jino licheze, halafu wanalipia kung'oa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba ugonjwa mkali wa fizi una zaidi ya visa bilioni moja duniani, kwa hiyo yule mama wa vitunguu hayuko peke yake. Wenye kisukari wako hatarini zaidi, na uvimbe wa fizi nao hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Wavutaji sigara wanadanganyika, kwa sababu tumbaku hubana mishipa na fizi zao hutoka damu kidogo huku ugonjwa ukiendelea. Wajawazito fizi huvimba upesi kwa mabadiliko ya homoni. Wapo wanaoamini kila mimba huondoka na jino, lakini mtoto hachukui jino la mama; ukoga ndio unaolichukua, na kusafisha kunaweza kuzuia.

Kwa aliye safarini, mswaki wenye nywele laini usiku kabla ya kulala una kazi kubwa kuliko ule wa asubuhi wa haraka haraka. Ukikosekana, upo ule wa mti uliotupa hilo jina, unaouzwa kwa mafungu katika masoko mengi ya ukanda huu. Shirika la Afya Duniani limewahi kuhimiza utumike pale ulipozoeleka. Kata ncha iliyochakaa, tafuna mpya mpaka ifumuke, kisha sugua penye mpaka wa fizi na jino, taratibu. Damu ikitoka, endelea. Isipokoma baada ya wiki mbili, au fizi zikitoa usaha, au meno yakianza kuachana, muone daktari wa meno.

Foleni ilipofika kwetu, mama alilifunga tena jino lake kwenye khanga. Alisema safari ijayo mdogo wake ndiye atakayevusha vitunguu, na yeye atashuka Arusha kukwanguliwa. Kisha akaniuliza kama daktari anaweza kulirudisha lile alilolifunga. Nilimwambia haiwezekani. Akacheka, akasema basi atamwonyesha tu, ili aamini kwamba halikuoza.