Shangazi Anasali Jumamosi

Juzi mjukuu wangu mmoja aliniuliza swali nikalala nalo. "Bibi, mbona baba anakwenda kanisani Jumapili, na shangazi anakwenda Jumamosi? Si wamenyonya titi moja?"

Wamenyonya titi moja, ndiyo. Ijumaa jua likizama, shangazi yenu ameshamaliza kupika, na habari za soko hataki kuzisikia mpaka jua la Jumamosi lizame nalo. Baba yenu Jumamosi hiyohiyo yuko shambani na jembe. Nyumba za namna hii ziko nyingi hapa Same, na jibu la swali hilo halianzii mjini. Simameni stendi mtazame juu, kule milimani kwenye ukungu. Linaanzia huko.

Wazee wetu, Vasu, yaani Wapare, hawakumngoja mzungu ndipo wajue kuna Mungu. Walimwita Kiumbi. Sikilizeni jina lenyewe, mtasikia kuumba ndani yake. Lakini mambo ya kila siku, kama mvua iliyochelewa au mtoto asiyepona homa, yalipelekwa kwa waliotangulia. Kule Upare Kaskazini kila ukoo ulikuwa na kijisitu chake, mpungi, na humo yalihifadhiwa mafuvu ya wazee. Ukoo ulikwenda pale kuzungumza na watu wake kama mnavyokwenda ninyi kumwamkia babu. Na ulikuwapo msitu mwingine, mshitu, ambako vijana waliingizwa utu uzima na kufundishwa yale ambayo hayasemwi barabarani. Hakuna aliyekata mti humo.

Kisha wakaja wamisionari. Wa kwanza kukaa milimani kwetu walikuwa Walutheri wa Leipzig, mji wa Ujerumani. Walikuwa wamefika Kilimanjaro mwaka 1893, na mwaka 1900 wakafungua kituo Shigatini, upande wa Usangi. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1903, Wajerumani wengine wawili walipanda upande wa kusini mpaka Giti, katika nchi ya Mamba, huko kunakotoka tangawizi siku hizi. Majina yao Johannes Ehlers na A. C. Enns. Hawa walikuwa Waadventista Wasabato, na siku yao ya ibada ilikuwa Jumamosi. Kituo chao wakakiita Friedenstal, maana yake Bonde la Amani. Baadaye wakaenea, wakafika Suji na Kihurio. Walutheri nao walishuka kusini, na huko Mbaga akakaa mmisionari wao Jakob Janssen Dannholz.

Sasa mnaanza kuona. Mtoto aliyezaliwa karibu na shule ya Giti alijifunza a-e-i-o-u kwa Wasabato. Aliyezaliwa Mbaga aliweza kuzijifunza herufi hizohizo kwa Walutheri. Siku ya kusali ilifuata njia ya shule. Binti wa upande huu akaolewa upande ule, na kalenda mbili zikaingia nyumba moja.

Lakini msidhani watu waliwapokea kwa vigelegele. Wamisionari hawa walipanda mlima nyuma ya bendera ya Wajerumani, na kodi ya kibanda ilikuwa imeanza mwaka 1898. Mtu akiona mzungu na daftari, angejuaje kama anaandika majina ya wanafunzi au ya wadaiwa? Jiwekeni mahali pao. Ninyi mngempeleka mtoto wenu?

Na wamisionari wenyewe walikuwa na shida kubwa zaidi: walikuwa bubu. Kijerumani chao hakikuwafaa kitu. Kiswahili kilisaidia kwa wachache waliokuwa wamefanya biashara na misafara. Ila mama anayelima mteremkoni Mamba alisema Chasu, lugha yetu, akamlilia maiti wake kwa Chasu, na ukitaka kumwambia jambo la moyoni ilikupasa uijue lugha hiyo. Basi mtu aliyevuka bahari kuja kufundisha akaketi chini kama mtoto, akaanza kuuliza: hiki kinaitwaje? Na hiki?

Hapa ndipo ninapopapenda katika habari hii yote.

Ernst Kotz, Msabato aliyekuja baada ya Ehlers na Enns, alijifunza Chasu mpaka akaandika kitabu cha sarufi yake, kikachapwa Ujerumani mwaka 1909. Alitafsiri pia Agano Jipya, likatoka mwaka 1922. Mnajua sarufi ni kazi gani? Ni kugundua kwamba pale Mswahili anaposema "wa-", sisi tunasema "va-": Vasu, si Wasu. Ni kukamata kila neno na kuuliza linafuatana na nani. Kazi hiyo mgeni haifanyi peke yake. Lazima alikuwapo kijana ameketi karibu naye, akilirudia neno mara ya kumi, akimwambia hapana, hatusemi hivyo. Lazima alikuwapo mtu wa kumweleza kwamba neno hili ni la heshima na lile ni la matusi.

Na fikirini ugumu wake. Unataka kusema "roho", na ukifungua mdomo msikilizaji anawaza marehemu babu yake aliyeko mpungi. Unataka kusema "dhambi" kwa watu ambao kosa kwao ni deni kati ya ukoo na ukoo, na hulipwa kwa mbuzi. Nani ataamua neno gani liingie kitabuni? Mzungu alishika kalamu, lakini sikio lililoamua lilikuwa la Mpare. Juu ya kitabu cha sarufi kumeandikwa jina la Kotz peke yake. Hilo linaniuma mpaka leo, nami nawaambieni ili liwaume kidogo na ninyi.

Dannholz na Kotz kila mmoja aliandika pia kitabu juu ya mila zetu, cha Dannholz mwaka 1916, cha Kotz mwaka 1922. Majina ya vitabu hivyo yanaanza kwa maneno mamoja. Kimoja ukikitafsiri kinaitwa Katika Kifungo cha Imani ya Mizimu, kingine Katika Kifungo cha Hofu. Watu wawili wa makanisa mawili, na wote walipotutazama waliona wafungwa.

Je, walidanganya? Hofu ilikuwapo, sitawaficha. Mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, akahesabiwa mkosi kwa ukoo mzima, na wako waliouawa kwa sababu hiyo. Wamisionari walilipinga jambo hilo, na mama aliyenusuriwa mwanawe hakuhitaji mahubiri marefu. Lakini palepale walipoona hofu, palikuwapo pia upendo kwa waliokufa, adabu, na misitu iliyotunza chemchemi. Vyote wakavitia kapu moja wakaviita giza. Mshitu ukapungukiwa heshima, na mahali pengine shoka likaingia lilikokuwa halijawahi kuingia.

Hata hivyo leo anayetaka kujua mababu zetu waliishije hufungua vitabu hivyohivyo. Profesa Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, aliwarudia wazee wenyewe, akawasikiliza ukoo kwa ukoo, na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake cha historia ya Wapare mpaka mwaka 1900. Safari hii mwenye kalamu alikuwa mtoto wa nyumbani.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika huku, mwaka 1916, jeshi la Waingereza lilipita likifuata reli, likaiteka Same. Wamisionari wa Kijerumani walishikwa au kuondolewa, na kufikia 1920 waliobaki walirudishwa kwao. Watu wangeweza kusema: mwenye dini ameondoka, na dini imeondoka. Hawakusema hivyo. Walimu wa Kipare, wengine wakiwa vijana, walipiga kengele asubuhi, wakafundisha kusoma, wakazika wafu na kuombea wagonjwa. Waingereza na Wamarekani walipokuja baadaye kushika vituo, walikuta makanisa yanaimba. Mimi nahesabu kwamba hapo ndipo Ukristo ulipokuwa wa Upare kweli.

Shangazi yenu anakuja Ijumaa. Mpokeeni mizigo, mumpe makande yakiwa moto, jua halijazama bado. Kisha mwombeni awasomee ukurasa mmoja wa Agano Jipya lake la Chasu, lile lenye jalada lililochakaa. Asome polepole. Sikilizeni maneno, na kila likipita neno tamu, mjiulize ni kijana gani wa Giti au wa Suji aliyelisema kwanza.