Dawa ya Meno Atakayoikubali Mtoto

Ni jambo la kawaida katika nyumba nyingi, za mjini na za mashambani, kusikia kilio cha mtoto mdogo wakati wa kusafishwa meno. Mama humshika kichwa, mtoto hufunga kinywa kama mlango uliotiwa komeo, na mwisho wake mama hushindwa akasema, "Haidhuru, ni meno ya utotoni tu, yataanguka yenyewe." Maneno hayo yana hatari ndani yake. Makala haya yakusudia kueleza hatari hiyo, na jinsi mzazi awezavyo kupata dawa ya meno ambayo mtoto ataikubali kwa hiari yake.

MENO YA UTOTONI SI YA KUPUUZWA

Mtoto huanza kuota meno apatapo umri wa miezi 6 hivi, na afikapo miaka 3 kwa kawaida huwa na meno 20 kamili. Ni kweli kwamba meno hayo yataanguka, walakini hayaanguki yote pamoja. Yale ya mbele huanza kutoka mtoto apatapo miaka 6, lakini magego ya nyuma hukaa mpaka miaka 10 au 12. Basi gego likioza mtoto angali na miaka 4, lilikuwa bado na kazi ya kufanya kwa miaka 6 au zaidi. Jino linalouma humnyima mtoto usingizi, humzuia asitafune chakula chake vizuri, na shuleni humfanya ashike shavu badala ya kusikiliza mwalimu. Tena jino la utotoni ndilo linaloshika nafasi ya jino la ukubwani. Liking'olewa kabla ya wakati wake, meno ya jirani husogea, na jino jipya huweza kuota upande.

Jino huoza kwa sababu gani? Kinywani mwa kila mtu mna vijidudu vinavyokula sukari, na vikiisha kula hutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini ya gamba gumu la jino. Mate huyarudisha madini hayo kidogo kidogo, lakini mtoto akinywa chai yenye sukari au akila peremende mara kwa mara mchana kutwa, mate hayapati nafasi ya kufanya kazi yao. Hapo ndipo inapofaa floraidi, ambayo hulisaidia jino kurudishiwa madini yake na kulitia nguvu ya kustahimili asidi. Kwa hiyo yafaa tufahamu kwamba mswaki ndio unaosugua uchafu, na floraidi iliyomo ndani ya dawa ndiyo inayolinda jino. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitia dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu.

KWA NINI MTOTO HUKATAA

Mara nyingi mtoto anayekataa si mkaidi, bali ana sababu asizoweza kuzieleza. Sababu ya kwanza ni ukali wa mnanaa. Mnanaa huamsha mishipa ya fahamu inayotambua baridi, na mtu mzima huona raha, lakini mtoto huona kama kinywa kinaungua. Sababu ya pili ni povu. Dawa nyingi hutiwa kitu cha kutoa povu, nalo hujaa kinywani mwa mtoto asiyejua bado kutema, akaogopa kupaliwa.

Sababu ya tatu ni wingi wa dawa. Picha za matangazo huonyesha mswaki uliofunikwa kwa dawa toka mwanzo hata mwisho, na wazazi wengi huiga picha hizo. Kwa mtoto hicho ni kiasi kikubwa mno. Mtoto aliyeshindwa kustahimili dawa nyingi aweza kuipokea dawa ile ile ikiwa kidogo. Sababu ya nne ni mswaki mgumu, au ufizi unaouma kwa sababu jino linaota. Katika hali hiyo kubadilisha dawa peke yake hakutasaidia kitu.

JINSI YA KUCHAGUA

Basi mzazi aanze kwa kupunguza kiasi cha dawa kabla ya kutumia fedha. Mtoto aliye chini ya miaka 3 yamtosha dawa iliyo kama punje moja ya mchele. Mtoto wa miaka 3 hata 6 yamtosha kiasi cha punje ya njegere, yaani yapata robo ya gramu. Kwa kiasi hicho cha njegere, tyubu ndogo ya gramu 50 itamtosha mtoto mmoja kwa zaidi ya miezi 3, akisafishwa mara mbili kwa siku. Hivyo dawa nzuri si lazima iwe mzigo kwa mfuko wa baba.

Ikiwa mtoto bado akataa, na atafutiwe dawa isiyo na mnanaa mkali wala povu jingi. Ziko zenye ladha ya matunda kama stroberi au chungwa, na nyingine zisizo na ladha kabisa. Mzazi aionje kwanza kwa ncha ya ulimi. Wengine huogopa kwamba dawa tamu itaozesha meno, lakini utamu wa dawa za meno kwa kawaida hutoka katika vitu kama sakarini na sorbitoli, wala si sukari ya kawaida. Njia njema ni kumwekea mtoto tyubu mbili, zote mbili zikiwa zimekubaliwa na mzazi, kisha kumwambia, "Mwanangu, leo wataka ipi?" Mtoto aliyechagua mwenyewe huona dawa ni yake.

Lakini hapa pana jambo ambalo mzazi hana budi kulishika. Ladha ni haki ya mtoto kuchagua, bali nguvu ya dawa ni wajibu wa mzazi. Picha nzuri ya mnyama juu ya tyubu haina maana kwamba ndani mna floraidi, kwani dawa nyingine za watoto hazina floraidi yo yote, na nyingine zina kidogo mno. Mzazi asome maandishi yaliyo nyuma ya tyubu. Atafute tarakimu iliyo kati ya 1000 na 1500, ikifuatwa na herufi ppm, maana yake sehemu katika kila sehemu milioni. Dawa ya watu wazima mara nyingi ina nguvu hiyo hiyo, kwa hiyo mtoto aweza kutumia tyubu ya nyumba nzima ikiwa haimchomi na kiasi chake ni kidogo.

Wako wanaotumia majivu au mkaa uliopondwa. Vitu hivyo havina floraidi ya kulinda jino, na chembe zake huweza kukwaruza gamba la jino. Mswaki wa mti, ambao babu zetu waliutumia na ambao mpaka leo wauzwa sokoni, husafisha meno vizuri kwa mtu ajuaye kuutumia. Walakini kwa mtoto mdogo wafaa zaidi mswaki wa dukani wenye nywele laini na kichwa kidogo.

ONYO JUU YA DAWA TAMU

Dawa inayopendeza ina hatari moja, nayo ni kwamba mtoto aweza kuila kama chakula. Kumeza kidogo kilicho kama punje ya mchele si neno, bali kunyonya tyubu kwaweza kuumiza tumbo. Zaidi ya hayo, floraidi nyingi ikimezwa kila siku na mtoto aliye chini ya miaka 8, meno ya ukubwani yanayojijenga ndani ya taya huweza kuota yakiwa na madoa meupe au ya rangi ya kahawia. Kwa hiyo tyubu iwekwe mahali pasipofikiwa na mtoto, na mzazi ndiye atie dawa katika mswaki.

Onyo hili lawahusu hasa wakaaji wa Bonde la Ufa, kama vile sehemu za Nakuru na Naivasha, na jirani zetu wa Tanzania waishio karibu na mlima Meru upande wa Arusha. Huko maji ya visima vingi yana floraidi kuliko kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 katika lita moja. Kuyachemsha maji hakuondoi floraidi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri huwa na floraidi kidogo sana, nayo yafaa kwa kinywaji cha watoto. Mzazi wa sehemu hizo amwulize daktari wa meno ni dawa ipi imfaayo mwanawe.

WAKATI WA KUSAFISHA

Mtoto asafishwe meno mara mbili kila siku, na mara moja kati ya hizo iwe usiku kabla ya kulala, na baada ya hapo asipewe kitu ila maji. Mtoto mdogo akae mapajani mwa mzazi, kichwa kikiegemea kifuani, ili mzazi aone meno yote. Akiweza kutema, ateme povu lakini asisukutue kwa maji mengi, maana maji yataiondoa floraidi kabla haijafanya kazi. Mpaka afikie miaka 7 hivi, mkono wa mzazi usikose kumsaidia. Afikapo miaka 6, mzazi atazame nyuma ya magego yote. Huko huota gego la kwanza la ukubwani bila jino lo lote kuanguka, na wengi hudhani ni la utotoni wakaliacha likaoza.

Kila juma mzazi ainue mdomo wa juu wa mtoto na kutazama. Akiona doa jeupe kama chokaa karibu na ufizi, huo ni mwanzo wa kuoza, na kwa floraidi na kupunguza sukari laweza kuzuiwa. Akiona tundu au rangi ya kahawia, ampeleke mtoto kwa daktari wa meno asingoje maumivu. Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji. Jino nalo ni vivyo hivyo, na mtoto azoeaye mswaki bila machozi katika miaka yake ya kwanza ataendelea nao hata ukubwani.